Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuomba Nafasi ya Uzamili au Uzamivu Nje ya Nchi, na Kuzipata Fedha Zake

Wanaotaka kwenda kusoma nje huuliza kwanza juu ya chuo, kisha kozi. Fedha huulizwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba anayeuliza gharama anakiri kuwa hastahili kwenda. Hapa tutafanya kinyume. Hesabu ya fedha ndiyo inayoamua uombe nchi gani, ngazi gani na mwezi gani, ndiyo maana majibu mengi yanairudia hata pale swali linapohusu jambo jingine. Ada za viza na masharti ya wafadhili hubadilika, hivyo kila tarakimu utakayoikuta hapa ihakiki kwenye tovuti ya mamlaka inayohusika kabla hujalipa.

Nianze maandalizi lini?

Mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya siku ya kuripoti chuoni. Wengi hudhani ni mapema mno, hadi wanapoyapanga madirisha ya maombi kwenye kalenda. Masomo yakianza Septemba au Oktoba, ufadhili mwingi wa masomo hayo huwa umeshafungwa kati ya Oktoba na Januari iliyotangulia. Chevening ya Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, kwa ajili ya masomo ya mwaka unaofuata. Programu nyingi za Erasmus Mundus, uzamili wa pamoja unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, hupokea maombi kuanzia Oktoba hadi Januari au Februari. Vyuo vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu kuanzia Desemba hadi katikati ya Januari. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, ukiombwa kupitia ubalozi, huanza kushughulikiwa mwaka mzima kabla ya safari.

Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Agosti ikifika, uwe na pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kuisha, transkripti kutoka ofisi ya msajili, tarehe ya mtihani wa lugha, na watu waliokubali kukuandikia barua za mapendekezo. Kati ya hivyo, transkripti ndiyo inayochelewesha watu kuliko wanavyotarajia, kwa sababu haiko mikononi mwako. Iombe leo, hata kama hujui bado utaomba wapi.

Nitafute udahili kwanza au ufadhili kwanza?

Inategemea mfadhili, na kutolijua hili kumewapotezea watu mwaka mzima. Iko mifumo ya aina tatu. Wa kwanza, ombi ni moja tu: chuo kikikudahili kinakufadhili, au kinakupima kwa ufadhili kupitia fomu ileile. Uzamivu mwingi wa Marekani uko hivi, Erasmus Mundus pia, na ufadhili wa Gates Cambridge huombwa ndani ya fomu ya chuo chenyewe. Wa pili, maombi mawili huenda sambamba: Chevening inakutaka uchague kozi tatu na kuomba kwao, huku ukiomba udahili vyuoni kivyako, na barua ya udahili usio na masharti utaiwasilisha baadaye, kabla ya tarehe watakayotaja. Wa tatu, mfadhili hukuteua kwanza, chuo kikafuata, kama ilivyo kwa MEXT ya ubalozini.

Kabla hujaandika neno moja kwenye fomu, jua uko kwenye mfumo upi. Aliyesubiri udahili ndipo aombe ufadhili, katika mfumo wa kwanza au wa pili, huwa amechelewa.

Uzamili au uzamivu: upi ni rahisi kulipiwa?

Uzamivu, mara nyingi. Wengi hushangaa wakisikia hivi. Uzamili wa kufundishwa darasani, hasa Uingereza na Marekani, ni chanzo cha mapato kwa chuo, kwa hiyo misaada yake ni michache na inagombewa. Mwanafunzi wa uzamivu anahesabiwa kama mtu anayezalisha utafiti. Marekani, idara nyingi hulipa ada yake na kumpa posho ya kujikimu kwa kazi ya ualimu msaidizi au utafiti msaidizi, na zinaweza kumpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Uholanzi, Swideni, Norwe na Denmaki, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mkataba na mshahara. Inatangazwa kama kazi, na unaiomba kama unavyoomba kazi. Huko karibu daima utatakiwa kuwa tayari na uzamili.

Lakini usiingie uzamivu kwa ajili ya posho peke yake. Ni miaka mitatu hadi sita ya swali moja, na asiye na hamu na swali hilo huumia. Ukitaka uzamili tu, ziangalie nchi zenye ada ndogo na programu zenye ufadhili wake, kisha uzamivu uje baadaye ukiutaka.

Nimesikia kuna nchi ambazo kusoma ni bure. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu, na ile sehemu nyingine ndiyo inayoumiza. Vyuo vya umma vya Ujerumani, katika majimbo mengi, havitozi ada ya masomo hata kwa wageni. Unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: tangu 2017 linawatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza ada mwaka 2024. Norwe, iliyokuwa kimbilio la wengi, ilianza kutoza ada kwa wasiotoka Ulaya mwaka 2023. Swideni ilishafanya hivyo 2011. Ufini ilifuata 2017. Ukisoma makala ya zamani inayosifia Norwe, iache.

Pia, kutolipa ada hakumaanishi kutokuwa na fedha. Ujerumani hutaka mwombaji wa viza athibitishe uwezo wa kujikimu, na njia inayotumiwa zaidi ni akaunti maalumu ya benki ambamo fedha za mwaka mzima zinafungiwa na kutolewa kidogokidogo kila mwezi. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zako na utazila mwenyewe, ila lazima ziwepo zote kabla hujapanda ndege. Barua ya ufadhili au ya mdhamini anayetambulika kisheria inaweza kushika nafasi ya akaunti hiyo.

Nikipiga hesabu kamili, niweke nini na nini?

Igawe hesabu mara tatu: fedha za kuomba, fedha za kuondoka, na fedha za kuishi. Watu huipiga ile ya tatu pekee, wakakwama kwenye ya pili.

Fedha za kuomba ni ada ya fomu, mtihani wa lugha, tafsiri na uthibitishaji wa vyeti, na kutuma nyaraka. Vyuo vingi vya Ulaya havitozi fomu. Vya Marekani vingi hutoza, na ukiomba vyuo vinane jumla yake inaumiza. Nchini Ujerumani, maombi mengi hupitia shirika la uni-assist, linalotoza yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo.

Fedha za kuondoka ndizo zinazowavunja moyo watu wakiwa tayari na barua ya udahili mkononi. Viza yenyewe. Kipimo cha kifua kikuu kwa nchi zinazokitaka. Bima. Tiketi. Amana ya nyumba pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa Uingereza kuna tozo ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inayolipwa yote kwa mkupuo kwa muda wote wa viza wakati wa kuomba. Na kwa kuwa viza ya uzamili wa mwaka mmoja huzidi miezi kumi na miwili, tozo nayo huzidi ile ya mwaka mmoja. Marekani kuna malipo ya usajili wa mwanafunzi mgeni yaitwayo SEVIS, dola 350 kwa viza ya F-1, mbali na ada ya viza.

Kisha kuna fedha za kuishi, na hapa usitumie wastani wa nchi. Tafuta makadirio ya chuo chenyewe kwa mji huo. Posho inayotosha Leipzig haitoshi Munich. Ongeza mwezi mmoja ambao hutalipwa, kwa sababu posho nyingi huingia baada ya kufungua akaunti ya benki na kusajiliwa, na hayo huchukua wiki kadhaa.

Sina hata fedha za kuomba. Nifanyeje?

Omba msamaha wa ada ya fomu. Vyuo vingi vya Marekani vina utaratibu huo, wakati mwingine ndani ya fomu yenyewe, wakati mwingine kwa barua pepe kwa ofisi ya masomo ya uzamili. Andika mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, eleza hali yako kwa sentensi tatu, ambatisha uthibitisho kama upo. Ofisi hizo hupokea barua za namna hii kila siku. Huombi hisani, utaratibu umewekwa kwa ajili yako.

Kwenye lugha, uliza kama barua ya chuo chako cha awali inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inakubaliwa badala ya IELTS au TOEFL. Vyuo vingi huikubali. Ukilazimika kufanya mtihani, kumbuka matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua utaomba lini. GRE, mtihani wa uwezo wa jumla kwa waombaji wa masomo ya juu, hudumu mitano, na programu nyingi zimeacha kuidai, kwa hiyo usiilipie mpaka uone imetajwa kuwa ya lazima.

Na punguza idadi. Maombi matano yaliyoandikwa vizuri kwa programu zenye fedha yana maana kuliko kumi na tano yaliyonakiliwa.

“Ufadhili kamili” unalipa kila kitu?

Maneno hayo hayana tafsiri moja. Soma barua ya ufadhili mstari kwa mstari, kalamu mkononi, na kila usichokiona kimeandikwa kihesabu kuwa hakipo. Erasmus Mundus, kwa mfano, hulipa gharama za masomo na kumpa mwanafunzi yuro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Tiketi, viza na kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine vinatoka humohumo. Chevening hulipa ada, posho ya mwezi, tiketi na viza, lakini haigharamii mwenzi wala watoto.

Barua ikifika, waandikie uwaulize: posho ya kwanza inaingia tarehe gani? Tiketi mnanunua ninyi, au nanunua mimi mnirudishie? Bima ya afya iko ndani? Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili, na wakati wa likizo ndefu nitaishi kwa nini? Kuna ada ndogondogo ambazo msamaha wa ada haugusi? Posho inakatwa kodi? Kwa Marekani, sehemu ya ufadhili inayozidi ada na vitabu inaweza kukatwa asilimia 14 kwa wageni wenye viza za F (za wanafunzi) na J (za programu za kubadilishana), isipokuwa pale mkataba wa kodi kati ya nchi mbili unapopunguza. Nikifeli somo moja, nini kinatokea? Kazi ya utafiti nje ya chuo nani anailipia?

Hakuna mfadhili wa maana atakayekunyang’anya nafasi kwa kuuliza. Majibu yawe kwa maandishi.

Alama zangu si nzuri. Nina nafasi?

Tofautisha ukuta na kizingiti. Programu ikisema wazi kwamba asiyefikia daraja fulani hatashughulikiwa, huo ni ukuta. Usipoteze ada ya fomu. Programu isiyoweka kiwango, au inayosema “kwa kawaida”, inaacha mlango. Hapo kinachokubeba ni alama za miaka ya mwisho zilizopanda, tasnifu nzuri, kazi ya miaka michache inayohusiana na kozi, au chapisho. Kama kuna sababu ya alama kushuka, ieleze kwa sentensi mbili na uendelee. Ukiijaza aya nzima kwa maelezo ya muhula mmoja mbaya, msomaji atatoka akiukumbuka muhula huo tu.

Baadhi ya wafadhili hupima uzoefu kwa uzito sawa na alama. Chevening hutaka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na kazi za kujitolea huhesabiwa. Ukishatimiza kiwango cha shahada, wanaangalia uongozi na mpango wako.

Umri je?

Wafadhili wengi hawana kikomo, Chevening haina. MEXT kwa wanafunzi wa utafiti hutaka walio chini ya miaka 35. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, mara nyingi hawaangalii umri bali shahada yako ya mwisho uliipata lini, na katika programu nyingi isizidi miaka sita.

Maelezo binafsi niyaandike vipi?

Anza na kazi, usianze na utoto. Kamati husoma mamia ya barua zinazofunguliwa kwa “tangu nikiwa mdogo nilikuwa na shauku ya”, na kwao hiyo ni sentensi isiyo na mtu ndani. Linganisha na mwanzo kama huu: “Katika miaka miwili ya kukusanya takwimu za chanjo niliona kwamba watoto wengi waliokosa dozi ya pili walikuwa wameipata ya kwanza kwa wakati. Rejista zetu hazikuweza kunieleza kwa nini, na mbinu nilizonazo hazikunitosha kulichunguza.” Sentensi mbili tu, na tayari tunajua umefanya nini, umeona nini, na unakwenda kutafuta nini. Inayofuata inajiandika yenyewe: programu hii ina somo gani au mtafiti gani anayefundisha mbinu hizo.

Sehemu ya kwa nini chuo hiki ndiyo inayotenganisha maombi. Ukiweza kubadilisha jina la chuo bila kugusa neno lingine, aya hiyo bado haijaandikwa. Taja maabara, mradi, kozi mahususi. Soma kurasa zao kwa saa nzima kabla ya kuandika aya moja.

Mfadhili hataki barua ileile ya chuo. Chuo kinauliza kama utamudu masomo. Mfadhili anauliza kitakachofanyika baada ya masomo. Kwake, “nitarudi kuisaidia jamii” ni maneno matupu mpaka useme nafasi gani, taasisi ya namna gani, tatizo gani, na hatua ya kwanza ndani ya mwaka wa kwanza.

Kuhusu programu za akili bandia, soma kanuni za chuo na mfadhili, kwani zinatofautiana na baadhi huzikataza waziwazi. Ushauri wangu ni uandike mwenyewe, kisha mtu anayekufahamu asome na akuonyeshe mahali ambapo hakusikii wewe.

Barua za mapendekezo nimwombe nani, na nimpe nini?

Aliyekusimamia kazi, hata kama hana cheo kikubwa, kuliko mkubwa asiyekukumbuka. Mhadhiri aliyesoma rasimu tatu za tasnifu yako ana la kusema. Mkuu wa kitivo aliyekuona kwenye mahafali hana. Mpe wiki sita. Mpelekee pamoja wasifu wako, transkripti, maelezo binafsi, na orodha ya tarehe za mwisho kwenye ukurasa mmoja. Mkumbushe kwa adabu wiki mbili kabla, na tena siku tatu kabla. Hakikisha anatumia barua pepe ya taasisi, maana mifumo mingi huitilia shaka ya binafsi.

Akikwambia “andika mwenyewe nitie saini”, jambo ambalo ni la kawaida mno, mpe badala yake nukta za kumsaidia: kazi mlizofanya, lini, matokeo yake. Mwambie kwa heshima kwamba kamati huona barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja, na zote mbili huharibika.

Nimwandikie profesa kabla ya kuomba?

Kwa uzamili wa kufundishwa, hapana. Kwa uzamivu wa Uingereza, Ujerumani au Australia, ndiyo, karibu lazima. Kwa Marekani inategemea fani. Tovuti ya idara husema.

Barua isizidi aya tatu fupi. Ya kwanza: wewe ni nani na unataka kuanza lini. Ya pili, ndiyo moyo wake: umesoma nini katika kazi yake na swali lako linagusana nayo wapi, kwa undani unaoonyesha kweli umesoma. Ya tatu: unauliza mambo mawili, kama anapokea wanafunzi mwaka huo na kama kuna fedha kwenye mradi wake au anajua njia ya ufadhili. Swali la fedha liulize hapohapo. Anayejibu “ninakupokea, lakini sina fedha” amekusaidia, kwa sababu sasa unajua utafute mfadhili wa nje. Ambatisha wasifu na ukurasa mmoja wa wazo la utafiti. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha endelea na wengine. Kimya chao mara nyingi ni wingi wa barua tu.

Je, nitajilipia kwa kufanya kazi huko?

Utajilipia chakula, pengine. Ada, hapana. Uingereza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani, mwenye F-1 ni saa 20 na ndani ya chuo. Kanada iliweka saa 24 Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Ujerumani ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Maofisa wa viza hawakubali mshahara wa kazi ambayo hujaipata kuwa uthibitisho wa fedha. Na mwezi wa kuandika tasnifu ndio unaokutana na kodi ya nyumba. Aliyepanga kuishi kwa zamu za usiku mwaka mzima huchagua kimoja, na mara nyingi kinachoachwa ni tasnifu.

Nikope?

Kopa kuziba pengo la mwisho, usikope digrii nzima. Msimamo wangu huu ni mkali, najua. Mkopo wa fedha za kigeni ukilipwa kwa mshahara wa fedha za nyumbani unabeba hatari mbili: riba, na sarafu yako kushuka thamani. Kabla ya kutia saini, chukua mshahara halisi wa mtu mwenye shahada hiyo pale utakapoishi, toa matumizi, uone marejesho ya mwezi yanakula kiasi gani. Uliza riba ni ya kudumu au inabadilika, inaanza kuhesabiwa lini, na marejesho yanaanza miezi mingapi baada ya kumaliza. Ikiwa hesabu inasimama tu endapo utapata kazi nchi ya huko, basi unakopa dhidi ya viza ambayo bado huna.

Familia ikijitolea kuuza kiwanja au shamba, kaa nao chini na karatasi hiyo ya hesabu. Wana haki ya kuiona.

Naweza kwenda na mwenzi na watoto?

Uingereza, tangu Januari 2024, ni kwa wanafunzi wa shahada za utafiti au wanaofadhiliwa na serikali pekee. Marekani, mwenzi wa mwenye F-1 hawezi kufanya kazi. Wa mwenye J-1 anaweza kuomba kibali. Kwingine utahitaji kuthibitisha fedha zaidi kwa kila mtu. Kama familia haitaenda, weka kwenye bajeti kile utakachotuma nyumbani. Hakuna mfadhili anayekihesabu, nawe utakituma tu.

Ni lazima nirudi nikimaliza?

Chevening hudai urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hutumia viza ya J-1, na wafadhiliwa wake huwa chini ya sharti la kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuomba aina fulani za viza za Marekani. Erasmus Mundus haina sharti hilo. Ukijua tangu mwanzo hutaki kurudi, omba ufadhili usio na sharti.

Nitamjuaje tapeli?

Anakuomba fedha ili akupe fedha. Chevening na Fulbright hazitozi ada ya maombi. Barua pepe inatoka kwenye anwani ya bure, haraka yake ni ya saa 24, na udahili “umehakikishwa” kabla hawajaona transkripti. Chukua jina la mfadhili, ingia mwenyewe kwenye tovuti rasmi, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Mawakala halali wapo, lakini wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi, hivyo watakuelekeza kwa wanaowalipa. Usimkabidhi mtu nywila ya akaunti yako ya maombi, wala usikubali taarifa ya benki ya kughushi: ikigundulika unaweza kufungiwa viza kwa miaka.

Nimepata udahili bila fedha, au fedha hazitoshi. Niseme nini?

Andika. Shukuru, sema chuo hicho ndicho chaguo lako ikiwa ni kweli, taja pengo kwa tarakimu, uulize kama kuna punguzo la ada, kazi ya usaidizi, au mfuko uliobaki kwa sababu wengine wamekataa nafasi zao. Kama una ofa nzuri zaidi kwingine, iambatishe. Vyuo vingi vya Marekani vimeridhia makubaliano kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15, kwa hiyo nafasi huachiliwa kwa wingi siku zinazoikaribia tarehe hiyo. Barua yako iwe imeshafika.

Na nikiahirisha mwaka mmoja nitafute fedha?

Vyuo vingi huruhusu kuahirisha udahili, baadhi kwa sharti la kulipa amana. Ufadhili mara nyingi hauahirishwi, unaanza upya. Kwa hiyo uliza vitu viwili kwa barua mbili tofauti: kwa ofisi ya udahili, kama nafasi itakungoja na kwa ada ya mwaka gani, kwa mfadhili, kama fedha zitakungoja. Chuo kikikubali na mfadhili akakataa, hesabu yako imerudi pale ilipokuwa kabla ya kuomba, ila una barua ya udahili ya kuambatisha kwenye maombi ya dirisha linalofuata. Kama umekataliwa kabisa, waombe maoni. Wasio na nafasi ya kuyatoa watasema hivyo, na wachache watakaoyatoa watakuambia kitu ambacho hakuna rafiki angekuambia. Waombaji wengi wanaoshinda walikuwa wameshaomba kabla, na fomu nyingi zinaruhusu kuomba tena bila kikwazo chochote.